Kompyuta za Umma Katika Maktaba ya Chuo Kikuu: Gawa Muda na Mtandao, Usimchunguze Msomaji

Hakuna sehemu ya maktaba ya chuo kikuu inayozaa malalamiko mengi kama ukumbi wa kompyuta: foleni, mtandao mzito, mashine zilizokufa, mwanafunzi anayetazama filamu huku mwenzake akisubiri kumalizia kazi ya mhadhiri. Yafuatayo ni majibu ya maswali ambayo wakutubi, mafundi wa TEHAMA na wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki hukumbana nayo kila muhula. Majibu yote yanasimama juu ya hoja moja. Kilicho haba ukumbini ni muda, kasi ya mtandao na mashine zilizo nzima, na hivyo ndivyo vinavyohitaji msimamizi. Anachokisoma mtu hakipungui kwa kusomwa, na maktaba inayojitwika kazi ya kukichunguza huishia kuyasimamia vibaya yale matatu yaliyo mikononi mwake.

Swali: Siku hizi karibu kila mwanafunzi ana simu janja. Kuna haja gani ya maktaba kuendelea kununua kompyuta?

Simu imepunguza kazi ya ukumbi, haijaimaliza. Kusoma barua pepe, kuangalia ratiba, kupokea notisi kwenye kundi la WhatsApp la darasa: hayo simu inayaweza, na hakuna tena sababu ya mtu kupanga foleni kwa ajili yake. Lakini kuandika tasnifu yenye majedwali na rejea, kuchambua takwimu kwa SPSS au R, kuchora ramani kwa QGIS, au kulinganisha makala tatu zikiwa wazi kwa pamoja ni kazi za skrini kubwa na kibodi. Pana pia suala la bando. Mhadhara mmoja wa video hula mamia ya megabaiti, na anayelipia kila megabaiti kutoka mfukoni, bumu likiwa limekwisha, hulazimika kuchagua nini asome na nini aache. Aidha, majarida mengi ambayo chuo hulipia hufunguka kwa kutambua anwani ya mtandao wa chuo. Mwanafunzi aliye kwenye bando lake mwenyewe huukuta mlango umefungwa ingawa ada imelipwa, isipokuwa maktaba iwe imeweka njia ya kuingilia kutoka nje ya kampasi.

Wapo wanaoshauri kwamba kila mwanafunzi anunue kompyuta mpakato, na maktaba ibakie na meza, soketi za umeme na Wi-Fi. Kwa wanaoweza, ushauri huo ni sawa, na meza na soketi hizo ziongezwe kweli. Ila sera inayojengwa juu ya dhana kwamba kila mtu ana mashine humwacha nje yule yule ambaye maktaba ipo kwa ajili yake. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018 ikiwa na rafu za vitabu 800,000, ilijengwa pia ikiwa na kompyuta za wasomaji. Kama maktaba ya ukubwa huo haikuwaachia wasomaji simu zao tu, chuo chenye bajeti ndogo kina sababu zaidi ya kujiuliza mara mbili. Simu imebadilisha aina ya mashine zinazohitajika: afadhali kompyuta 40 zenye programu za utafiti na skrini pana kuliko 100 za kufungulia barua pepe.

Swali: Wakati wa mitihani foleni hufika mlangoni. Muda ugawanywe vipi bila ugomvi?

Anza na hesabu. Ukumbi wenye kompyuta 40 unaofunguliwa saa 12 kwa siku una saa 480 za matumizi. Zamu zikiwa za saa moja moja, watahudumiwa watu 480. Zikiwa za nusu saa, 960. Zikiachwa zifike saa tatu, 160 tu. Hakuna hotuba ya nidhamu itakayobadilisha hesabu hiyo. Kosa la kawaida ni kuweka zamu ya aina moja kwa watu wote. Dakika 30 hazimtoshi anayechambua data, na saa nzima ni nyingi mno kwa anayetaka kujua kama kitabu kipo rafuni. Kwa hiyo mashine zigawanywe kwa aina ya kazi. Tano ziwekwe kwenye meza za kusimama, bila viti, kwa dakika 10 za kutafuta katika katalogi au kutuma waraka kwenye printa. Ishirini na tano ziwe za saa moja. Kumi zilizobaki ziwe za saa tatu, kwa kuhifadhi nafasi mapema. Mpango huo unatoa zamu 700 kwa siku badala ya 480, na bado mwandishi wa tasnifu anapata saa zake tatu.

Kinachozuia ugomvi ni kuiachia programu kazi ya kusema "muda umekwisha". Mkutubi akisema, itadhaniwa anampendelea rafiki yake. Saa ya mashine ikisema, hakuna wa kulaumiwa. Lakini programu yenyewe iwe na adabu: imtahadharishe mtu dakika kumi kabla, imkumbushe kuhifadhi kazi yake, na imwongezee muda yenyewe kama hakuna anayesubiri. Kumfukuza mtu huku viti vitano viko wazi ni sheria iliyosahau sababu yake.

Swali: Je, si haki kuzuia YouTube, mitandao ya kijamii na michezo ili wanaosoma wapate nafasi?

Wazo hili linavutia kwa sababu linaonekana kutenganisha masomo na starehe. Shida ni kwamba mstari wenyewe hauonekani kutoka nje. Mihadhara ya hisabati, maonyesho ya upasuaji na mafunzo ya kutumia programu za takwimu yako YouTube, jirani na muziki na vichekesho. Notisi nyingi hupita kwa kiongozi wa darasa katika kundi la WhatsApp kabla hazijabandikwa popote. Mwanafunzi wa uandishi wa habari anayechambua mijadala ya Facebook yuko kazini, na wa usanifu wa michezo ya kompyuta vivyo hivyo. Kila tovuti inayofungwa huzaa maombi ya kufunguliwa, na kila ombi humfanya mkutubi kuwa hakimu wa nia za watu. Na wajanja watapata njia ya kuzunguka ndani ya wiki moja, hivyo marufuku huishia kumbana mtiifu na mgeni wa teknolojia peke yao.

Pingamizi lenye nguvu ni hili: mtu mmoja anacheza karata huku mwingine amesimama na kazi ya kuwasilisha saa kumi jioni. Ni dhuluma, ndiyo, ila itazame vizuri. Anayecheza karata kwa saa moja na anayeandika shairi kwa saa moja wamechukua kiti kwa muda ule ule. Aliyesimama anaumizwa na urefu wa zamu, na zamu imekwisha kupangwa. Kwa kipindi cha mitihani inatosha kuongeza mashine za zamu fupi na kuzitenga baadhi kwa kuhifadhiwa nafasi. Hayo yanapimika, yanaelezeka, na yanamhusu kila mtu sawasawa.

Swali: Na picha za ngono? Maktaba haiwezi kukaa kimya.

Haipaswi kukaa kimya, ila ichague chombo sahihi. Marekani ilipitisha mwaka 2000 sheria inayozilazimisha shule na maktaba za umma zinazopokea fedha fulani za serikali kuu kuweka programu za kuchuja. Chama cha wakutubi kilikwenda mahakamani, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaihalalisha sheria kwa maktaba za umma. Uamuzi huo una jambo linalosahaulika upesi: majaji walizingatia kwamba mtu mzima anaweza kuomba kichujio kizimwe. Hata huko, palipokuwa na hoja ya kuwalinda watoto, ilikubalika kwamba kichujio hukosea na kwamba mtu mzima hapaswi kufungiwa na makosa yake. Wanafunzi wa chuo kikuu, kwa sehemu kubwa sana, ni watu wazima.

Makosa hayo si ya kubuni. Programu inayotafuta maneno au kukisia picha haina ujuzi wa muktadha. Huweza kufunga ukurasa wa saratani ya matiti, wa afya ya uzazi, wa magonjwa ya zinaa, wa sheria za makosa ya kujamiiana, na huku ikiacha wazi tovuti chafu iliyofunguliwa jana. Katika chuo cha tiba au kitivo cha sheria hasara hiyo inagusa kiini cha masomo. Lililo la busara ni kugawanya tatizo. Tovuti za wizi wa nywila na za kusambaza virusi zizuiwe moja kwa moja, maana hizo huharibu mashine ya kila mtu. Tabia ya kumkera jirani ukumbini, iwe ni kuonyesha picha za ngono, kupiga kelele au kumtisha mtu, ishughulikiwe kama tabia, kwa kanuni za nidhamu za chuo: onyo, kisha kusimamishwa matumizi. Skrini zipangwe zisiwe uso kwa uso na njia wanayopita watu. Jambo likifika kwenye jinai, kama picha za ngono za watoto, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inalitaja waziwazi, na hapo ni kazi ya vyombo vya dola wala si ya kichujio.

Swali: Mtandao unakuwa mzito kuanzia saa nne asubuhi. Si suala la kununua kasi zaidi?

Wakati mwingine ndiyo, ila usinunue kabla hujapima. Ukanda wetu umetoka mbali. Hadi mwaka 2009 vyuo vya Afrika Mashariki vilitegemea setilaiti, ghali na nzito. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikatia nanga pwani, EASSy ikafuata mwaka 2010, na bei ikaanza kushuka. Vyuo navyo vilikuwa vimejifunza kununua kwa pamoja kupitia mitandao ya elimu na utafiti: KENET nchini Kenya, TERNET nchini Tanzania, RENU nchini Uganda, yote ikikutana katika muungano wa UbuntuNet. Chuo ambacho bado hununua peke yake kwa bei ya rejareja kianzie kwenye milango hiyo.

Lakini kasi isiyogawanywa huliwa yote, iwe megabiti 10 au 1,000 kwa sekunde. Video ya ubora wa juu hutumia takriban megabiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo watazamaji 20 wanatosha kuijaza njia ya megabiti 100 na kuwaacha mamia wakitazama duara likizunguka. Adui mwingine hana hata sura: masasisho. Kompyuta 40 zikiamka asubuhi na kila moja ikashusha gigabaiti moja ya masasisho, hizo ni gigabaiti 40, na njia hiyo ya megabiti 100 itashikwa karibu saa nzima hata kama hakuna msomaji aliyegusa kibodi. Dawa ya hayo haihitaji kujua nani anasoma nini. Masasisho yashushwe mara moja usiku kwenye seva ya ndani, kisha mashine zote zichote hapo. Kila mtumiaji awekewe kiwango cha juu cha kasi, ili mmoja asimeze sehemu ya watu kumi. Katalogi, majarida na mfumo wa masomo wa chuo vipewe kipaumbele wakati wa msongamano, na video zishushwe ubora badala ya kufungwa.

Fundi ajiulize pia kama mtandao ndio mzito au ni Wi-Fi. Achomeke waya kwenye ruta na kupima: kasi ikiwa nzuri kwenye waya na mbaya hewani, basi fedha za kuongeza kasi zitapotea bure, maana tatizo ni vifaa vichache vya kurusha mawimbi vinavyohudumia mamia ya simu kwa wakati mmoja. Katika kumbi zenye kompyuta za mezani, ziunganishwe kwa waya zote, hewa iachiwe simu na kompyuta mpakato. Na chuo kijiunge na eduroam, mfumo ulioanzia Ulaya na sasa uko nchi nyingi zikiwemo za kwetu: mwanafunzi au mhadhiri mgeni huingia kwa utambulisho wa chuo chake mwenyewe, bila mkutubi kumgawia nywila ya kubandikwa ukutani.

Swali: Virusi na uchokozi wa watumiaji huzima mashine kila wiki. Tufanyeje?

Mashine ya umma isiwe na kumbukumbu. Hiyo ndiyo kanuni ambayo, ikifuatwa, hutatua sehemu kubwa ya matatizo ya ufundi na kubwa zaidi ya yale ya usiri. Mtumiaji aingie kwa akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu, na kila zamu inapokwisha mashine ijiwashe upya na kurudi katika hali ile ile aliyoiacha fundi. Programu za kufanya hivyo zipo za kulipia, kama Deep Freeze, na mifumo ya Linux inaweza kupangwa hivyo bila ada. Virusi vilivyoingia na flashi asubuhi vinakufa mashine inapozimwa. Nywila iliyosahaulika kwenye kivinjari, tasnifu iliyoachwa mezani, barua pepe iliyobaki wazi, vyote vinafutika kabla ya mtu wa zamu inayofuata kukaa.

Pingamizi la haki ni kwamba mwanafunzi asiyejua atahifadhi kazi yake kwenye mashine, umeme ukatike, na sura nzima ya tasnifu ipotee. Kwa hiyo kanuni hii haiendi bila masharti mawili. La kwanza ni onyo la Kiswahili na Kiingereza kwenye skrini yenyewe, tena kubwa, kwamba hakuna kinachobaki; pamoja nalo iwekwe folda ya mwanafunzi kwenye seva ya chuo au njia ya mkato ya kwenda hifadhi yake ya mtandaoni. La pili ni umeme. UPS ndogo, yaani betri ya dharura ya kompyuta, haikusudiwi kuendesha ukumbi kwa saa nzima. Inampa mtu dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima salama, na dakika hizo ndizo zinazookoa kazi ya wiki.

Suala la umri wa mashine nalo halikwepeki. Microsoft ilisitisha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine isiyopata masasisho ya usalama haifai kukaa mbele ya umma. Si lazima itupwe: kwa kazi za kivinjari na kuandika, Linux huiongezea miaka. Fedha chache zilizopo zielekezwe kwenye zile mashine kumi za zamu ndefu, zinazobeba programu nzito.

Swali: Je, kila mtu aingie kwa namba yake ya usajili, na tuhifadhi kumbukumbu gani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maafisa wengi wa TEHAMA huishika methali hiyo wanapotaka kurekodi kila tovuti ya kila mwanafunzi. Methali ni ya kweli, ila mali ya maktaba hapa ni mashine, muda na kasi. Hivyo viandikwe vyote: mashine ipi ilitumika saa ngapi, foleni ilikuwa ndefu kiasi gani, programu ipi ilifunguliwa mara nyingi, printa ilikula karatasi ngapi. Daftari hilo ndilo litakalokusaidia kuomba bajeti. Halihitaji jina la msomaji hata mara moja.

Kuingia kwa namba ya usajili kunakubalika, kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kuhesabu zamu na kuzuia mtu kuchukua tatu. Kinachopaswa kupimwa ni nini kinabaki baada ya zamu kwisha. Nchi zetu zimekwisha kuweka msingi: Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Sheria hizo zinakutana katika mambo ya msingi: kusanya taarifa kwa lengo lililotajwa, usikusanye zaidi ya lengo hilo, wala usikae nazo kupita muda unaohitajika. Kwa ukumbi wa kompyuta maana yake ni hii. Namba, mashine na saa ya kuingia na kutoka vihifadhiwe kwa muda mfupi ulioandikwa kwenye sera, kisha vifutwe na kubaki hesabu tupu. Orodha ya kurasa alizofungua mtu isihifadhiwe na maktaba. Kamera zielekee milangoni na kwenye vifaa, zisielekee kwenye skrini.

Hapa ndipo pingamizi zito linapokuja: ikitokea tishio au utapeli uliofanywa kutoka ukumbini, polisi wataambiwa nini? Wataambiwa kile kilichopo, kwa kufuata utaratibu wa kisheria na kupitia mwanasheria wa chuo: nani alikuwa kwenye mashine namba fulani saa fulani, kama muda wa kuhifadhi haujapita. Hicho kwa kawaida ndicho wanachohitaji ili kuanza uchunguzi. Wapo watakaokumbusha kwamba Kanuni za Maudhui Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye migahawa ya intaneti kuweka kamera na kuchuja maudhui. Kama masharti ya namna hiyo yanaigusa maktaba ya chuo ni swali la mwanasheria, na aulizwe kabla ya kuandika sera. Ila yasichukuliwe kama ruhusa ya kukusanya kila kitu. Kumbukumbu kubwa ya usomaji ni mzigo: inaweza kuibwa, kuvuja, au kutumiwa na mtu mwenye kisasi. Anayesoma kuhusu VVU, ujauzito, ndoa inayovunjika au siasa za upinzani akijua kwamba anaandikwa, hatauliza tena. Wakutubi wa sehemu nyingi duniani wana desturi ya kukata uhusiano wa jina la msomaji na kitabu mara kitabu kinaporudishwa. Skrini haistahili desturi tofauti.

Swali: Wageni wasio wanafunzi wetu waruhusiwe?

Waruhusiwe, kwa idadi na kwa masharti yanayojulikana. Mikataba mingi ya majarida hukubali mtu yeyote aliyeko ndani ya jengo la maktaba asome, ingawa haimruhusu kuingia akiwa nyumbani. Mwalimu wa sekondari, daktari wa wilaya au mstaafu anayetafiti historia ya mji wake anaweza kupewa karatasi yenye namba ya kuingilia ya siku moja kwenye mashine chache zilizotengwa. Tahadhari moja tu: nywila za huduma kama HINARI, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ili nchi zenye kipato kidogo zipate majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo, ni dhamana ya taasisi. Zikisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, chuo kizima kinaweza kufungiwa.

Swali: Na wasomaji wasioona?

Hapa kisingizio cha fedha hakina nguvu. NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni, ni ya bure, na injini ya sauti inayokuja nayo ina Kiswahili. Iwekwe kwenye kila mashine badala ya moja iliyofichwa pembeni, pamoja na vipokea sauti vya masikioni vya kuazima kaunta. Zamu ya anayetumia programu hiyo iwe ndefu zaidi, kwa kuwa kusikiliza ukurasa huchukua muda kuliko kuutupia macho.

Swali: Nani awe msimamizi: maktaba au kitengo cha TEHAMA?

Kazi igawanywe kwa aina ya uamuzi. Kitengo cha TEHAMA kiamue namna: waya, seva, usalama, masasisho. Maktaba iamue nini na kwa nani: urefu wa zamu, programu zinazohitajika, nini kihifadhiwe na kwa muda gani. Mambo yakichanganyika, fundi anayetaka mtandao wake usisumbuliwe atafunga tovuti, na mkutubi asiyejua ruta atabaki kuomba radhi kaunta. Makubaliano yao yaandikwe kwenye sera ya ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaielewa, ibandikwe ukumbini na ipitiwe kila mwaka kwa takwimu za matumizi na maoni ya serikali ya wanafunzi.

Kwa mkutubi anayetaka pa kuanzia kesho, bila kusubiri bajeti, hatua ni tatu: pima foleni na kasi kwa wiki mbili, gawa mashine kwa aina tatu za zamu, na uzipange zote zirudi katika hali safi kila zinapowashwa. Yakisimama hayo, sehemu kubwa ya hamu ya kufunga tovuti na kupekua watu itakosa sababu. Maktaba iliwaamini watu wazima na vitabu tangu zamani. Iwaamini na intaneti pia, na nguvu zake izielekeze kuhakikisha kwamba kila anayefika anapata kiti, mashine nzima na mtandao unaokwenda.